Funksheni za muda na ucheleweshaji katika kerneli

Funksheni za muda na ucheleweshaji ni vipande vya programu vilivyomo ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji wa kompyuta. Kazi zake ni mbili: kujua muda umekwenda kiasi gani, na kusubiri muda fulani upite kabla ya kuendelea na hatua inayofuata. Zimo katika mifumo yote mikubwa ya uendeshaji, kama vile Windows, macOS na Linux. Makala hii inahusu zaidi Linux, kwa sababu msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma, na kwa sababu kerneli hiyo ndiyo iliyomo ndani ya simu za Android. Mtu anayenunua nyanya katika soko la Mwanjelwa jijini Mbeya akiwa na simu ya namna hiyo mfukoni amebeba funksheni hizi, nazo hutumika mara nyingi kila sekunde.

Kwa nini kerneli inasubiri

Kichakataji cha kisasa hupiga hatua bilioni moja au zaidi kwa sekunde, lakini vifaa vinavyounganishwa nacho viko polepole sana. Skrini, kamera, diski na vihisi vyote vinahitaji kupewa nafasi ya kumaliza kazi kabla ya kuulizwa jambo jingine.

Mfano mzuri ni kihisi cha joto kiitwacho DS18B20. Ni kifaa kidogo chenye miguu mitatu, kinachopendwa na wanafunzi wa elektroniki kwa sababu hutuma taarifa zake kwa waya mmoja tu. Tuseme kimewekwa ndani ya mashine ya kutotolea vifaranga. Kompyuta ikitaka kuzungumza nacho, kwanza inashusha umeme wa waya hadi sifuri kwa muda usiopungua maikrosekunde 480 (maikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde). Halafu inakiamuru kipime joto. Kwa kipimo cha biti 12 kifaa huchukua hadi milisekunde 750, yaani robo tatu ya sekunde. Hatimaye kompyuta inasoma jibu biti moja baada ya nyingine. Kwa kila biti inashusha waya kidogo, inauachia, na lazima iangalie hali ya waya kabla ya maikrosekunde 15 kwisha tangu ilipoanza. Ikichelewa, itasoma 1 mahali palipokuwa na 0.

Subira hizi hazilingani hata kidogo: ile ya kupima joto ni mara 50,000 ya ile ya kusoma biti. Kila moja ikikosewa ina hasara yake. Anayesoma jibu kabla ya kipimo kukamilika hupata namba ya zamani, na kama kifaa kimetoka tu kuwashwa hupata nyuzi 85 za Selsiasi, kwa kuwa hiyo ndiyo namba kinayoanza nayo. Mayai ya kuku huatamiwa kwenye nyuzi 37.5 hivi. Programu inayozima hita kwa kuamini zile nyuzi 85 itayaacha mayai yapoe, na mwenye kuku atamlaumu fundi wa hita wakati kosa lilikuwa la mwandishi wa programu ambaye hakusubiri.

Njia mbili za kusubiri

Kerneli ina njia mbili za kusubiri. Abiria wawili waliopanda basi Mbeya wanaotaka kushuka Mafinga, kwenye njia ya Iringa, wanaweza kuzieleza. Wa kwanza anakaa macho njia nzima akitazama nje ya dirisha asije akapitilizwa. Wa pili anamwambia kondakta, "Tukifika Mafinga uniamshe," kisha analala. Wa kwanza atajua kituo mara tu kinapoonekana, ila hakufanya lolote jingine na anafika amechoka. Wa pili amepumzika, ila anamtegemea kondakta, ambaye huenda akamwamsha baada ya kumaliza kwanza kugombania nauli na abiria mwingine.

Njia ya kwanza huitwa kusubiri kwa kuzunguka. Kichakataji hurudia mzunguko mtupu usiofanya kitu mpaka muda uishe. Katika Linux funksheni zake ni ndelay kwa nanosekunde, udelay kwa maikrosekunde na mdelay kwa milisekunde. Herufi u katika udelay inasimama badala ya herufi ya Kigiriki inayotumiwa kuandika "maikro". Muda wote huo hakuna programu nyingine inayoweza kutumia kichakataji kile, na umeme wa betri unaendelea kuliwa.

Njia ya pili ni kulala. Kerneli inaweka kipima muda, inaiondoa kazi inayosubiri kwenye foleni ya kichakataji, na inawapa nafasi wengine. Muda ukifika kazi ile hurudishwa kwenye foleni. Funksheni zake ni pamoja na msleep, usleep_range na schedule_timeout.

Kwa kihisi chetu, zile milisekunde 750 ni za kulala. Kichakataji kinachopiga hatua bilioni moja kwa sekunde kingepoteza hatua milioni 750 kikizisubiri kwa kuzunguka, na kwenye kompyuta ndogo yenye kichakataji kimoja hata kipanya kingeganda. Zile maikrosekunde 15 ni za kuzunguka, kwa sababu kulala na kuamka kwenyewe kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko huo. Draiva ya kihisi hiki katika Linux huzuia hata ishara nyingine zisikikatize kichakataji wakati biti inasomwa.

Mwongozo ambao watengenezaji wa Linux wameufuata kwa miaka mingi ni huu: chini ya maikrosekunde 10 tumia udelay, kati ya hapo na milisekunde 20 tumia usleep_range, zaidi ya hapo tumia msleep. Mwaka 2020 iliongezwa funksheni iitwayo fsleep, ambayo huchagua yenyewe kulingana na muda ulioombwa.

Mahali ambapo kulala ni marufuku

Uchaguzi hautegemei urefu wa muda peke yake. Kuna sehemu za kerneli ambamo hairuhusiwi kulala hata kidogo. Mojawapo ni ndani ya msimbo unaoshughulikia ukatizaji, yaani ishara ya umeme inayokilazimisha kichakataji kuacha kazi iliyopo na kuhudumia kifaa mara moja. Nyingine ni pale kazi inaposhikilia kufuli la kuzunguka, ambalo wengine wanalisubiri wakiwa macho. Aliyelala na ufunguo mfukoni huwafungia nje wote, na ikiwa anayetakiwa kumwamsha naye anasubiri mlangoni, mashine nzima inasimama. Kerneli ikigundua kosa hili huandika ujumbe "BUG: scheduling while atomic", ambao karibu kila mwanafunzi anayejifunza kuandika draiva hukutana nao.

Kinyume chake ni kosa lisilotoa ujumbe wowote. Anayeandika mdelay ya milisekunde 500 mahali ambapo msleep ingefaa hapati onyo lolote. Kifaa kinafanya kazi vizuri mezani kwake. Anayeumia ni mnunuzi, ambaye anaona simu yake inapata moto na chaji inaisha kabla ya jioni bila kujua sababu.

Ahadi ya "si chini ya"

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba funksheni hizi haziahidi muda kamili. Zinaahidi kwamba muda uliopita hautapungua ule ulioombwa, kuzidi inaruhusiwa. Anayelala anaweza kuamshwa akakuta foleni ndefu kwenye kichakataji. Hata anayezunguka anaweza kukatizwa katikati ya mzunguko wake.

Ndiyo maana usleep_range hupewa namba mbili, ya chini na ya juu. Mwandishi anapoeleza kwamba kuamka popote kati ya maikrosekunde 1,000 na 1,500 kunamtosha, kerneli inaweza kumuunganisha na wengine wanaoamka karibu na wakati huo na kukiamsha kichakataji mara moja badala ya mara tatu. Programu za kawaida nazo hupewa ulegevu wa maikrosekunde 50 kwa sababu hiyohiyo. Kwenye kifaa cha betri, kila safari ya kuamka iliyookolewa ni chaji iliyobaki.

Mapigo ya kerneli

Kerneli ilipimaje muda hapo mwanzo? Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na chipu ya kupima muda iliyohesabu mara 1,193,182 kwa sekunde. Namba hii ya ajabu ilitokana na fuwele iliyotumiwa katika televisheni za rangi za Marekani, iliyokuwa rahisi kupatikana. Chipu ilipofika idadi iliyowekewa ilituma ukatizaji, na kila ukatizaji ulikuwa pigo moja la saa.

Linux ilianza na mapigo 100 kwa sekunde. Toleo la 2.6 lilipandisha hadi 1,000, na mwaka 2005 kiwango cha kawaida kikashushwa hadi 250, kwa kuwa mapigo mengi yalikuwa yanamaliza betri za kompyuta mpakato. Idadi hii huitwa HZ, na kihesabu cha mapigo tangu mashine iwashwe huitwa jiffies. Kwenye mashine yenye mapigo 100, anayeomba msleep ya milisekunde 1 anaweza kulala hadi 20, kwa sababu kerneli huhesabu mapigo mazima na kuongeza moja ili ahadi ya "si chini ya" isivunjwe.

Ili kujua udelay izunguke mara ngapi, kerneli ilijipima yenyewe wakati wa kuwaka kwa kuhesabu mizunguko inayoingia katika pigo moja. Matokeo huonyeshwa kwa jina la BogoMIPS. Linus Torvalds alilichagua jina hilo kwa mzaha, kwani nusu yake ya kwanza inatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya "bandia". Namba hiyo haifai kulinganishia kasi za kompyuta, ingawa wapo wauzaji na mashabiki waliojaribu. Mashine nyingi za leo hazihitaji tena kipimo hicho, kwa sababu ndani ya kichakataji kuna kihesabu chenye mwendo usiobadilika.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2006, wakati kazi ya Thomas Gleixner na Ingo Molnar ya vipima muda vya usahihi wa juu ilipoingizwa katika Linux. Vipima muda hivyo havingoji pigo lijalo. Huiagiza chipu ilete ukatizaji katika dakika halisi inayotakiwa, kwa hesabu ya nanosekunde. Mwaka uliofuata ikawezekana kuyasimamisha mapigo kabisa wakati kompyuta haina kazi. Simu iliyolala mezani usiku kucha bila kumaliza chaji inategemea uwezo huo.

Kihesabu kinapojaa

Kihesabu cha biti 32 kina mwisho. Kwa mapigo 1,000 kwa sekunde hujaa baada ya siku 49.7 na kurudi sifuri. Windows 95 na Windows 98 zilikuwa na hitilafu ya namna hii, na kompyuta iliyowashwa mfululizo kwa siku hizo iliganda. Hitilafu ilijulikana mwaka 1999, miaka minne baada ya Windows 95 kutoka. Wachache walikuwa wamefikisha siku 49 bila kuzima mashine zao.

Linux inajikinga kwa njia mbili. Kwanza, waandishi hutakiwa kulinganisha nyakati kwa time_after na wenzake, ambavyo hutazama tofauti kati ya namba mbili badala ya kuuliza ipi ni kubwa. Pili, jiffies haianzi na sifuri. Inaanza na namba ambayo, kwenye biti 32, itajaa dakika tano baada ya mashine kuwaka. Draiva yenye kosa itaharibika mbele ya macho ya aliyeiandika, badala ya kusubiri wiki saba iharibike kwa mteja.

Makosa ya kuhesabu muda yamewahi kuua. Tarehe 25 Februari 1991 huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa makombora ya Patriot ulishindwa kulizuia kombora la Iraq, na askari 28 wa Marekani walikufa. Mtambo ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, lakini sehemu ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa biti 24. Baada ya saa 100 hivi za kuwashwa bila kuzimwa, kosa lilikuwa limefika theluthi moja ya sekunde.

Saa ya ukutani na saa isiyorudi nyuma

Kerneli hutunza saa zaidi ya moja. Ya kwanza ni saa ya ukutani, yaani tarehe na wakati tunaousoma, nayo inaweza kusogezwa mbele au nyuma. Ya pili huanza kuhesabu mashine inapowaka, na hairudi nyuma kamwe. Linux huziita CLOCK_REALTIME na CLOCK_MONOTONIC. Subira inapaswa kupimwa kwa hii ya pili. Programu inayojiambia "nitaendelea ikifika saa nne kamili na dakika tano" itakwama mtu akirudisha saa nyuma.

Tofauti hizi zinaonekana vizuri mpakani Kasumulu, wilayani Kyela katika Mkoa wa Mbeya. Tanzania iko saa tatu mbele ya UTC, ambayo ni saa ya pamoja ya dunia, na Malawi iko saa mbili mbele. Anayevuka daraja la mto Songwe na simu iliyowekwa ifuate mtandao huiona inarudi nyuma saa nzima. Ndani ya kerneli hakuna kilichobadilika, kwa sababu hata saa yake ya ukutani inahesabu sekunde za UTC na haijui mipaka ya nchi. Kuigeuza iwe saa ya Tanzania ni kazi ya programu zilizo juu yake, zinazotumia jedwali la kanda za saa. Humo jina Africa/Dar_es_Salaam linaelekezwa kwenye Africa/Nairobi. Desturi yetu ya kuhesabu saa kuanzia mapambazuko haimo humo. Saa moja asubuhi ya Mbeya kwa kompyuta ni 07:00.

Sekunde hizo huhesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1970, saa sita usiku kwa UTC. Kifaa kilichopoteza saa na kuanza upya na sifuri, kikiwa kimewekwa saa za Tanzania, huonyesha siku hiyo saa tisa usiku. Kwa kawaida saa hulindwa na betri ndogo ya duara ya volti 3, aina ya CR2032, ambayo huendesha fuwele ya mapigo 32,768 kwa sekunde hata umeme ukikatika. Betri ikifa, kompyuta huamka na tarehe ya zamani, kivinjari kinakataa kufungua tovuti kwa madai kwamba vyeti vyao vya usalama bado havijaanza kutumika, na mwenye mashine anadhani mtandao ndio mbovu. Kompyuta ndogo za Raspberry Pi zilizotangulia toleo la 5 hazina kabisa chipu ya saa hii. Anayerekodi joto kwa kutumia mojawapo mahali ambapo umeme hukatika na intaneti haipo anahitaji kuongeza chipu ya nje, kama DS3231, ambayo hukosea takriban dakika moja tu kwa mwaka.

Usiku wa sekunde ya nyongeza

Kwa kuwa mzunguko wa dunia hauendi sawa na saa za atomu, mara kadhaa UTC imeongezewa sekunde moja. Mwisho wa Juni 2012 ilikuwa mojawapo. Kwa Afrika Mashariki sekunde hiyo iliingia kabla tu ya saa tisa usiku, kuamkia Jumapili ya tarehe 1 Julai.

Kerneli ya Linux iliirudisha saa ya ukutani nyuma kwa sekunde moja ipasavyo, lakini haikuvijulisha vipima muda vya usahihi wa juu. Hivyo vikabaki sekunde moja mbele. Kila programu iliyoomba kulala kwa chini ya sekunde moja kwa kufuata saa ya ukutani iliamshwa papo hapo, ikaona muda wake bado, ikaomba kulala tena, ikaamshwa tena. Usingizi uligeuka kuwa mzunguko mtupu. Seva nyingi duniani zilielemewa, tovuti ya Reddit ikiwa miongoni mwa zilizoyumba. Dawa ilikuwa ndogo kuliko ugonjwa: kuiwekea mashine upya tarehe ileile iliyokuwa nayo kwa amri ya date, jambo lililoilazimisha kerneli kuvijulisha vipima muda vyake. Mwaka 2022 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliazimia kwamba utaratibu huu wa sekunde za nyongeza ubadilishwe ifikapo 2035.

Mwaka 2038

Sekunde zinazohesabiwa tangu 1970 zikiandikwa kwa namba ya biti 32 yenye alama ya chanya au hasi, mwisho wake ni 2,147,483,647. Namba hiyo itafika tarehe 19 Januari 2038. Katika Tanzania itakuwa Jumanne, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde inayofuata, mashine ambayo haijarekebishwa itarudi Desemba 1901.

Kompyuta na simu za biti 64 hazina tatizo hili katika kerneli zake. Kwa zile za biti 32, marekebisho ndani ya kerneli ya Linux yalikamilishwa katika toleo la 5.6 la mwaka 2020, baada ya kazi ya miaka kadhaa iliyoongozwa zaidi na Arnd Bergmann. Programu zinazokaa juu ya kerneli zinahitaji nazo kutengenezwa upya. Wasiwasi uliobaki ni wa vifaa vidogo vilivyofungwa ndani ya mashine nyingine, ambavyo hufanya kazi miaka ishirini bila mtu kukumbuka kwamba ndani yake mna kompyuta.